Waya wa shaba kwa mizigo mizito ya umeme: ununue upi hapa Tanga

Usianze na bei ya rola. Anza na kifaa. Soma wati kwenye kibandiko cha jiko, hita au kiyoyozi, gawanya kwa volti 230, utapata ampea. Hita ya kuogea ya wati 5,500 inavuta ampea 24. Jiko la umeme lenye oveni, la wati 7,000, linavuta kama 30. Kisha chagua breka inayozidi kidogo hapo, halafu waya unaobeba zaidi ya breka. Kazi ya breka ni kulinda waya. Waya ukiwa mwembamba kuliko breka, ndio utakaoungua huku breka imetulia.

Uwezo ninaoutaja hapa ni wa nyaya za shaba zenye ganda la PVC, zikiwa ndani ya paipu ukutani, hewa ikiwa nyuzi joto 30. Darini chini ya bati, Januari na Februari, joto linapita hapo kwa mbali. Likifika nyuzi 40, punguza karibu asilimia 13.

1. Waya wa mm 6: chaguo langu la kwanza

Hapa mm ni milimita za mraba za shaba, si upana wa waya. Unabeba ampea 41. Hata ukipunguza kwa ajili ya joto zinabaki zaidi ya 35, kwa hiyo breka ya 32 inakaa salama. Huu ndio waya wa jiko la umeme na wa hita kubwa. Tofauti ya bei na mm 4 inauma siku ya kununua, naelewa, lakini kubomoa plasta kutoa waya uliozidiwa kunauma zaidi. Sharti moja: usiruhusu fundi apitishe laini mbili nzito kwenye paipu moja. Zikibanana, uwezo wa kila moja unashuka kama asilimia 20, na ukichanganya na joto la dari, ile breka ya 32 haifai tena.

2. Waya wa mm 10: umbali ukiwa mrefu

Ampea 57. Watu wengi wanausahau, ilhali viwanja vingi vya pembezoni, kuelekea Pongwe au Mabokweni, nyumba iko mbali na mita, au jiko na banda la kuchomelea viko nyuma ya uwanja. Tuchukue mzigo wa ampea 30 kwa mita 30. Kwa waya wa mm 4 unapoteza karibu volti 10 njiani, kwa mm 6 volti 6.6, kwa mm 10 volti 4. Na umeme ukishafika umechoka, mota ya pampu au ya friza ya samaki inavuta ampea nyingi zaidi, inapata moto, inakufa kabla ya wakati. Ukivuka mita 30 na mzigo ni mzito, nunua huu bila kusitasita.

3. Waya wa mm 4

Ampea 32, breka ya 25. Unatosha kiyoyozi kikubwa, pampu ya kisima kilicho karibu, na hita ya wati 5,500 ikiwa njia ni fupi.

4. Waya wa mm 2.5

Soketi za kawaida, breka ya 20. Jiko hapana. Wa mm 1.5 ni wa taa.

Usinunue kabisa: alumini iliyopakwa shaba

Hii ndiyo inayonikera. Muuzaji atakwambia "hii kopa tupu, kaka," na kwa nje inang'aa kweli. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Shaba halisi ni nyekundu mpaka katikati. Alumini hiyo inapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba, na kwa hewa yetu ya chumvi inaliwa haraka kwenye skrubu za breka, maungio yanalegea na kupata moto.

Pima na unene pia. Waya wa mm 6 kwa kawaida una nyuzi 7, kila mmoja milimita 1.04. Ukipima kwa kalipa ukapata 0.85, huo ni wa mm 4 uliovalishwa ganda nene. Uzito nao unasema: rola ya mita 100 ya mm 6 ina shaba peke yake zaidi ya kilo 5. Tafuta alama ya TBS, shirika la viwango, na ukubwa uliochapwa kwenye ganda lenyewe, usitosheke na karatasi ya nje.

Uliza pia kama rola ni ya mita 100 au yadi 100. Yadi 100 ni mita 91, na hizo tisa zilizopungua ndizo zitakazomfanya fundi aunge waya katikati ya paipu. Waya wa eathi ununue ukubwa uleule wa laini, na kazi mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji. Mwambie arudi baada ya miezi michache kukaza skrubu za breka ya jiko na ya hita.