Filamu za ajabu za kujaza flashi: zipi zinafaa pesa yako, Kisumu na Nakuru

Ingia duka lolote la muvi Kondele, au vibanda vya karibu na steji ya matatu Nakuru, uombe "kitu cha ajabu". Utawekewa mazombi, majoka na tamthilia ya Kikorea iliyoisha juzi. Muuzaji hana kosa. Anajaza kompyuta yake kwa kinachotoka haraka, na kinachotoka haraka jirani yako ameshakiona. Kwa hivyo usiende na maelezo, nenda na jina na mwaka. Haya hapa majina.

Nimezipanga kwa kumfikiria mtazamaji wa huku kwetu: aliyelelewa na filamu za Kihindi na za kung fu, na ambaye masikio yake yamezoea DJ anayezungumza juu ya picha. Zoea hilo ni mtaji. Aliyekua akimsikiliza DJ Afro akimtia shujaa wa Hong Kong maneno ya mtaani anajua tangu utotoni kwamba filamu inaweza kufumuliwa na kushonwa upya, ikanoga kuliko ilivyokuja. Filamu za ajabu zinadai hasa utayari huo. Ndiyo maana juu kabisa nimeweka zilizotengenezwa karibu na sisi, na zile za Ulaya na Marekani ambazo kila orodha huanza nazo zimeshuka chini.

Kabla hujatoa noti

Duka litakutoza kati ya shilingi 20 na 50 kwa filamu moja, kutegemea mtaa na jinsi unavyojua kuongea. Hasara kubwa haiko kwenye bei, iko kwenye faili. Filamu nyingi za hapa chini haziko kwa Kiingereza wala Kiswahili, kwa hivyo bila maandishi ya tafsiri umenunua picha tupu. Hakikisha maandishi hayo yamechomwa ndani ya picha yenyewe, au yamekuja kama faili dogo la .srt lenye jina lilelile la filamu. Herufi moja ikitofautiana, runinga nyingi hazitayaona. Flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, basi usikubali nakala kubwa kwa sababu tu muuzaji anaisifu. Nakala ya 720p (ubora wa wastani wa picha) ya GB moja inatosha runinga ya inchi 32. Mwombe pia aifungue dakika ya katikati, si mwanzo, na umuulize kama ni video ya HEVC (mfumo mpya wa kubana video): runinga za zamani hukwama kwenye video hizo, ukabaki unasikia sauti huku kioo kikiwa cheusi.

Jambo la sheria nalo tuliseme. Duka linalonakili filamu bila idhini ya mwenyewe linavunja sheria ya hakimiliki, na watengenezaji wa filamu za aina hii ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa hawana kampuni kubwa nyuma yao. Inapopatikana njia halali, nimeitaja. Diski za asili za kuagiza Marekani ni nzuri lakini ni mtego: Blu-ray nyingi za kule hufungwa kwa kanda A, yaani eneo la dunia ambalo diski inaruhusiwa kuchezwa, na Afrika iko kanda B. Kama mashine yako haifungui kanda zote, utakuwa umelipia kasha.

1. Who Killed Captain Alex? (Uganda, 2010)

Hii ni ya kwanza bila mjadala, na ni bure. Wakaliwood, studio iliyoitengeneza, wenyewe wameiweka YouTube, hivyo gharama yako ni bando tu. Imetengenezwa Wakaliga, mtaa wa mabanda ulioko Kampala, na Nabwana Isaac Godfrey, anayejiita Nabwana I.G.G. Bajeti inayotajwa mara kwa mara ni dola zisizofika 200. Bunduki zimeundwa kwa vyuma chakavu, helikopta zimechorwa kwenye kompyuta aliyoiunga mwenyewe kwa vipuri, na damu inaruka kama bomba la maji limepasuka. Hadithi ni nyepesi: kapteni wa jeshi anawawinda magaidi wa Tiger Mafia, anauawa, na ndugu yake anayejua kung fu anakuja kutafuta muuaji.

Kinachoifanya iwe ya kipekee ni VJ Emmie. Uganda ina VJ kama sisi tulivyo na DJ, na hapa VJ hakuongezwa baadaye na mtu wa kibandani, ni sehemu ya filamu yenyewe. Anatania waigizaji, anatangaza filamu nyingine za Wakaliwood katikati ya vita, anapiga kelele risasi zikianza. Watazamaji wa nchi za mbali huiona sauti hiyo kama kioja. Wewe utaisikia kama nyumbani, na hapo ndipo unapowazidi. Nakala safi isiyo na VJ haipo: Nabwana alifuta mafaili ya awali ili apate nafasi ya kutengeneza filamu zilizofuata. Mtu akikuuzia "toleo la asili lisilo na kelele", mwambie asante uondoke.

Ukiipenda, fuata na Bad Black ya 2016. Imeshonwa vizuri zaidi, ingawa mimi bado napendelea fujo ya ile ya kwanza.

2. Eega (India, 2012)

Kijana anampenda msichana. Tajiri mwovu anamtamani msichana huyohuyo, anamuua kijana. Kijana anazaliwa upya akiwa inzi, analipiza kisasi. Ndiyo hiyo, na inachukua saa mbili na zaidi kidogo. Mwongozaji ni S. S. Rajamouli, yuleyule wa Baahubali na RRR, kwa hivyo usitarajie kazi ya kubahatisha. Inzi huyo hasemi neno hata moja, hana uso wa binadamu, na bado utajikuta unamshangilia akimnyima mwovu usingizi, akimvurugia biashara, akimsababishia ajali barabarani. Sudeep, anayeigiza mwovu, anastahili heshima ya peke yake. Alikuwa akipigana na hewa tupu, inzi akaongezwa baadaye.

Katika mji kama Kisumu, ambao wadudu wa ziwani huufunika kama moshi, ni filamu ya kutazamwa na familia nzima. Lugha yake ni Kitelugu. Nakala ya Kihindi huitwa Makkhi na ndiyo utakayoipata kwa urahisi dukani. Ichukue bila kinyongo mradi maandishi yapo. Kama unamnunulia mtu anayesema "mimi sipendi mambo ya ajabu", anza na hii.

3. Kati Kati (Kenya, 2016), na jozi yake ya bure

Mwanamke aitwaye Kaleche anazinduka nyikani akiwa amevaa gauni la hospitali. Hakumbuki kitu. Mbele yake kuna loji, na ndani ya loji kuna watu wanaomkaribisha kwa utani na kumweleza kwamba amekufa, kama wao. Wanaweza kuagiza chochote kwa kuandika kwenye karatasi, isipokuwa kuondoka. Dakika 75 tu. Hakuna mzimu wa kukushtua. Kuna bwawa la kuogelea, karamu, na watu wanaokwepa kukumbuka walichofanya walipokuwa hai.

Mwongozaji Mbithi Masya ni wa kundi la muziki la Just a Band, wale waliotuletea video ya Makmende mwaka 2010. Ukitegemea kicheko cha Makmende hutakipata hapa. Filamu ilishinda tuzo ya wahakiki wa FIPRESCI katika tamasha la Toronto mwaka 2016, na ajabu ni kwamba Wakenya wengi bado hawajaisikia. Kwangu ndiyo filamu bora ya orodha hii. Imeshuka hadi nafasi ya tatu kwa sababu si rahisi kuipata kihalali, na nakala za vibandani mara nyingi zimekatwa mwisho. Ukiiona ikitangazwa kwenye jukwaa la kulipia, lipa mwezi mmoja kwa ajili yake.

Usiku uleule wekea mbele yake Carnival of Souls (Marekani, 1962). Gari linatumbukia mtoni kutoka darajani, na saa kadhaa baadaye mwanamke mmoja anajitokeza majini akiwa hai, au tuseme anatembea. Anapata kazi ya kupiga kinanda kanisani, lakini mtu mwenye uso mweupe pe anamfuata kila mahali. Mtu huyo ni mwongozaji mwenyewe, Herk Harvey, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kutengeneza filamu za mafunzo za shule na viwanda. Hakuwahi kuongoza filamu nyingine ndefu ya hadithi. Huko Marekani filamu hii haina hakimiliki tena, na inapakuliwa bure kwenye Internet Archive. Ni nyeusi na nyeupe, faili lake ni dogo, haitameza bando lako.

4. Touki Bouki (Senegal, 1973)

Djibril Diop Mambéty aliwachukua vijana wawili wa Dakar, Mory na Anta, akawapa pikipiki iliyofungwa pembe za ng'ombe na ndoto moja: kwenda Paris. Pesa hawana, basi wanaiba. Hadithi inarukaruka, sauti ya mahali fulani inakuja juu ya picha ya mahali pengine, na wimbo mmoja wa kuisifu Paris unarudiwa hadi unageuka kejeli. Mwaka 2018 Beyoncé na Jay-Z walipojitangaza wakiwa juu ya pikipiki yenye pembe, waliokuwa wameiona filamu hii walijua picha hiyo ilikotoka.

Onyo la kweli: ng'ombe wanachinjwa mbele ya kamera, mapema, na si maigizo. Omba nakala iliyokarabatiwa mwaka 2008. Zile za kabla ya hapo rangi zimefifia na hazistahili hata shilingi 20.

5. Hausu (Japani, 1977)

Wasichana saba wanaenda likizo kwa shangazi, na nyumba inawala mmoja baada ya mwingine. Piano inakula vidole. Kuna paka. Mwongozaji Nobuhiko Obayashi alitoka kwenye matangazo ya biashara, na mengi ya vituko hivi yalitoka kwa binti yake mdogo. Watoto wakubwa wataipenda kuliko wewe, ingawa kuna damu na uchi kidogo. Sema "House ya Japani, 1977", la sivyo utapewa ya Kimarekani yenye jina hilohilo.

6. Crumbs (Ethiopia, 2015)

Dunia imekwisha, na mwanamume mdogo wa umbo anayeishi na mpenzi wake ndani ya jumba chakavu la mchezo wa bowling anaanza safari ya kuitafuta njia ya kupanda chombo kinachoelea angani. Vikorokoro vya plastiki vya zama zetu vinathaminiwa humo kama masalio matakatifu. Mwongozaji ni Mhispania, Miguel Llansó, lugha ni Kiamhari, na mandhari ya chumvi na salfa ya Dallol yanafanya kazi ambayo Hollywood ingelipia mamilioni. Haifiki hata dakika 70, na bado katikati inalegea.

7. Sheena (1984) na Rise and Fall of Idi Amin (1981)

Hizi nunua pamoja, kwa wale wanaopenda kuona nchi yao ikitumiwa vibaya na kamera. Sheena ilipigwa Kenya kwa pesa nyingi za Columbia Pictures: mzungu mwenye nywele za dhahabu analelewa na kabila la kubuni na kupanda punda milia. Huyo punda milia ni farasi aliyepakwa mistari. Mkazi wa Nakuru, ambaye huona wa kweli akitazama tu ndani ya uzio wa hifadhi, atacheka hadi machozi. Nyota wangu humo ni Elizabeth wa Toro, binti wa mfalme wa huko Uganda, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Idi Amin. Anaigiza mganga, na ana hadhi ambayo filamu nzima haina.

Kisha Amin mwenyewe. Filamu ya Sharad Patel ni ya kutisha watu kwa makusudi, mambo yake mengine yametiwa chumvi kupita kiasi, lakini Mkenya Joseph Olita anaujaza uso wa dikteta kiasi kwamba mwaka 1991 aliitwa kumwigiza tena katika Mississippi Masala ya Mira Nair. Usiiweke watoto wakiwa macho.

8. Eraserhead (Marekani, 1977)

David Lynch aliihangaikia kwa takriban miaka mitano. Kila orodha ya ng'ambo huiweka juu. Ni kazi kubwa, mlio wake wa mitambo hautatoka kichwani, na mtoto aliyemo ndani hutamsahau. Lakini ukianza nayo, kuna uwezekano mkubwa hutagusa nyingine zilizobaki. Inunue mwisho, itazame peke yako, na token ziwe za kutosha: stima ikikatika katikati, hutakuwa na hamu ya kurudi.

Ambazo singelipia

Sharknado, ile ya papa wanaobebwa na kimbunga, na wenzake wote waliozaliwa baada ya 2013. Ubaya wa kukusudia hauna utamu. The Room ya Tommy Wiseau inachekesha ukiwa na watu ishirini sebuleni, peke yako inachosha. Ukitaka filamu mbovu iliyotengenezwa kwa imani ya dhati, wekeza shilingi zako kwenye Gunda ya India, 1998, Mithun Chakraborty akilipiza kisasi huku majambazi wakijitambulisha kwa mashairi ya vina. Ina matusi na ukatili mkubwa kwa wanawake, kwa hivyo si ya kuwasha mama mkwe akiwa amekuja kukaa wikendi.