Sabuni ya mashine ya kufulia: ipi ununue, na kwa nini povu lisikudanganye

Ukitaka jibu kabla hujaingia dukani, ni hili: nunua sabuni ya unga iliyoandikwa kuwa ni ya mashine otomatiki, yenye vimeng'enya (enzymes), na pembeni weka chupa ndogo ya sabuni ya maji kwa ajili ya nguo nyeusi na za rangi kali. Nyumba nyingi hazihitaji zaidi ya hapo. Yanayofuata ni sababu zake, pamoja na hali chache ambazo jibu hubadilika.

Nyumbani kwangu, Dar es Salaam, tuko watu sita. Mashine ni ya kilo 7, ya mlango wa mbele. Maji ni ya kisima kwa siku nyingi, ya bomba kwa siku chache. Nguo ni zile zile za kila nyumba: mashati meupe ya shule, kanga, vitenge, jezi za watoto, kanzu za Ijumaa, buibui mbili, na mataulo yasiyoisha.

Nianze na povu, kwa sababu ndilo linalotupoteza wengi. Tumelelewa na beseni. Mama anamimina unga, anakoroga, povu linapanda hadi kwenye viwiko, ndipo nguo zinaingia. Povu likifa, unaongeza sabuni. Kwenye beseni utaratibu huo una maana, maana kazi ya kusugua inafanywa na mikono na maji ya kusuuza unamwaga mwenyewe mpaka uridhike. Mashine ya mlango wa mbele inafanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Inatumia maji machache, na uchafu unatoka kwa sababu nguo zinanyanyuliwa juu ya pipa na kuachiwa zianguke, kama dobi anavyozipiga kwenye jiwe. Povu likijaa humo, nguo zinaangukia kama kwenye godoro. Hazipigiki. Pampu nayo inavuta povu badala ya maji, mashine inarudia kusuuza, na wakati mwingine inagoma kukamua. Unafungua mlango unakuta nguo zinachuruzika.

Mimi nilitumia unga wa kufulia kwa mkono kwenye mashine kwa karibu miaka miwili, kwa sababu ulikuwa nafuu na unanukia vizuri. Nguo zilianza kutoka na harufu ya uvundo, nikaongeza sabuni. Harufu ikazidi. Fundi alipokuja aliinamia mlango, akaukunjua ule mpira wa pembezoni na kupitisha kidole ndani yake. Kilitoka na uji wa kijivu, mzito, unaoteleza. Akaichomoa droo ya sabuni, nyuma yake kukawa na tabaka la unga ulioganda kama chokaa. "Dada, huu si uchafu wa nguo," aliniambia. "Hii ni sabuni yako."

Kama unataka kujua hali ya mashine yako, chukua mataulo matatu au manne yaliyokwisha fuliwa na kukauka. Yaweke kwenye mashine, chagua joto la nyuzi 40, usitie sabuni hata punje. Baada ya dakika kumi tazama kwenye kioo. Povu utakaloliona ni sabuni ya wiki zilizopita iliyobaki ndani ya nyuzi za taulo. Jaribio hili lilinibadilisha mimi kuliko maelezo yoyote ya kwenye pakiti.

Sasa tupange.

Nafasi ya kwanza: unga wa mashine otomatiki

Unga huu umewekewa vizuia povu, na hiyo peke yake ingetosha kuupa nafasi ya juu. Lakini faida yake kubwa ni kwa nguo nyeupe. Sabuni ya unga iliyo bora ina kitu cha kung'arisha kwa oksijeni, ambacho kwenye sabuni ya maji kwa kawaida hakimo kwa sababu hakidumu kikiwa kwenye maji. Wajerumani waliifanya kazi hii zamani: kampuni ya Henkel ilipotoa Persil mwaka 1907, jina lenyewe liliunganishwa kutoka perborate na silicate, dawa mbili zilizokuwamo. Siku hizi kinachotumika zaidi ni sodium percarbonate. Ndicho kinachopambana na madoa ya chai, ya juisi ya ukwaju na ile njano ya jasho kwenye kola za mashati ya shule.

Kisha kuna vimeng'enya, vile vile tulivyofundishwa kwenye baiolojia. Protease inakatakata protini: damu, maziwa, yai, jasho. Amylase inashughulikia wanga, yaani uji na ugali kwenye nguo za mtoto. Lipase inashughulikia mafuta. Vinafanya kazi vizuri kwenye maji ya vuguvugu, na maji yanayochemka yanaviua. Kwa hiyo ile tabia ya kukoroga unga kwenye maji ya moto ya birika kabla ya kuumwaga kwenye mashine inakupotezea kile ulichokilipia. Na kwa kuwa hariri na sufu nazo ni protini, usizifue kwa sabuni yenye protease, utazikuta zimelika.

Kwenye rafu zetu majina ni Omo na Ariel kwa wingi. Zingatia hili: jina moja linaweza kuwa na unga wa mkono na unga wa mashine, pakiti zinafanana, na muuzaji wa duka la mtaani hawezi kukutofautishia. Tafuta neno "Auto" au "Automatic", au picha ya mashine ya mlango wa mbele. Kama huoni kimojawapo, rudisha pakiti kwenye rafu.

Bei yake inatisha ukiilinganisha na unga wa mkono kilo kwa kilo. Linganisha kwa mkupuo. Mimi ninatumia gramu 60 hivi kwa mashine iliyojaa kiasi, vijiko vitatu vya mezani vilivyofurika, kwa hiyo kilo moja inanifikisha mikupuo 16. Tuseme pakiti ni shilingi 8,000: kila mkupuo ni shilingi 500. Wakati wa unga wa mkono nilikuwa namwaga kikombe kizima, halafu nasuuza mara mbili, na maji ya kununua nayo yana bei.

Nafasi ya pili: sabuni ya maji ya mashine

Inayeyuka papo hapo hata kwa maji baridi, haiachi vumbi jeupe kwenye nguo nyeusi, na doa la mafuta ya mawese au mchuzi wa nazi unaweza kulipaka sabuni yenyewe dakika kumi kabla ya kufua. Vitenge na kanga mpya nazifulia hii, nyuzi 30, kwa sababu haina kile king'arishi na rangi zinakaa. Kama nyumba yako haina sare nyeupe wala kanzu, ipandishe iwe ya kwanza.

Udhaifu wake ni kwamba mashine inayotumia sabuni ya maji na maji baridi tu hujijengea utando na harufu. Mara moja kwa mwezi iendeshe tupu kwa nyuzi 60 au zaidi, ukitia unga. Na mlango uache wazi baada ya kufua. Kwa joto la pwani hili ni la lazima.

Kwa wenye buibui na kanzu

Sabuni za nguo nyeusi ninazipa nafasi yake, kwa sababu buibui iliyopauka haina dawa. Unga wa kawaida mara nyingi una ving'arishi vya macho: chembe zinazobaki kwenye nguo na kurudisha mwanga wa buluu ili jicho lione weupe. Ndiyo kazi iliyokuwa ikifanywa na buluu ya kufulia ya bibi zetu. Kwenye shati jeupe ni sawa. Kwenye buibui ni kinyume cha unachotaka, na kwenye kanzu ya rangi ya maziwa inaiharibu ile rangi yake tulivu. Henkel wanauza Ghuba sabuni ya Persil mahususi kwa mabuibui, na mwenye ndugu Muscat au Dubai anaijua.

Hapo hapo kwenye mizigo ya ndugu: Persil ya Uingereza ni ya kampuni nyingine, Unilever, kwa hiyo usitegemee chupa ya London ifanane na ya Dubai. Na ile ya Uingereza iliyoandikwa "Non-Bio" haina vimeng'enya. Ni nzuri kwa ngozi ya baadhi ya watu, ila kwa madoa ya damu na maziwa utaona tofauti.

Vidonge vya kutupia ndani

Ni safi na rahisi, kimoja kinakwenda ndani ya pipa kabla ya nguo. Ninavishusha kwa sababu huwezi kukikata nusu ukiwa na nguo chache, unyevu wa pwani unavifanya vigandane, na vinafanana na peremende. Penye mtoto mdogo, visikae mahali anapofikia, na afadhali visiwepo kabisa.

Unga wa mkono na sabuni ya kupimwa

Unga wa mkono unafaa mashine ya mapipa mawili, ile unayojaza na kumwaga maji mwenyewe. Hapo unaliona povu na unasuuza utakavyo. Kwa mlango wa mbele, hapana.

Sabuni ya maji inayopimwa kwenye madumu ni riziki ya kina mama wengi, nami naitumia kwa vyombo na sakafu. Ila nyingi zimetengenezwa ili zitoe povu, hazina vimeng'enya, na uzito wake hausemi chochote kuhusu nguvu: chumvi ikiongezwa kwenye mchanganyiko wa slesi (SLES, ile dawa inayotoa povu), sabuni inashika na kuwa nzito. Mashine isiione.

Maji yako yanasemaje

Kabla hujailaumu sabuni, pima maji. Chukua chupa mbili ndogo, moja tia maji ya mvua, nyingine maji ya kisima chako. Kwangua sabuni ya mche kidogo sawa sawa kwenye kila moja, tikisa. Kama ya kisima inatoa maziwa yenye mabonge na povu haba, maji yako ni magumu: yana chokaa na magnesi zinazoila sabuni kabla haijafika kwenye nguo. Hapo ndipo kuongeza kijiko cha nne kuna sababu, na ndipo unga wa mashine unapoishinda sabuni ya maji, kwa kuwa una magadi na viungo vya kulainisha maji.

Kuhusu umeme: kinachokula LUKU ni kuchemsha maji. Kupasha lita 15 kutoka nyuzi 25 hadi 60 ni yuniti 0.6 hivi; hadi 40 ni kama robo yuniti. Mimi nyuzi 60 naziweka Jumamosi tu, kwa mashuka, mataulo na mashati ya shule, vyote kwa mkupuo mmoja au miwili, na unga vijiko vitatu. Vilivyobaki ni nyuzi 30.