Fundi wa laptop Kariakoo, duka lisilo na kibao: nampa nyota nne

Tarehe 18 asubuhi nilifungua laptop ofisini, chai bado ya moto, nikakuta skrini nyeusi tupu na neno moja pembeni juu: grub>. Mbele yake kimstari kinapepesa, kinasubiri niseme kitu. Sikuwa na la kusema. Ritani ya VAT mwisho tarehe 20, na vitabu vya hesabu vya wateja wangu wanne vimo humo ndani.

Nianze na yangu, maana hii si laptop iliyoharibika yenyewe. Mtoto wa kaka yangu yuko chuo, na likizo alikuja kukaa kwangu. "Shangazi, mashine yako nzuri, inachoshwa na Windows tu." Akaja na flashi, akamega GB 60 kwenye diski, akaweka Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux, pembeni ya Windows. Tangu hapo kila nikiwasha naulizwa nataka kuingia wapi. Ubuntu niliingia mara mbili: mara moja kuangalia, mara moja kwa kukosea. Kero pekee niliyoiona ni saa. Nikitoka Ubuntu kurudi Windows, saa nne asubuhi inasoma saa moja. Nilidhani betri ya ndani imechoka. Kumbe Ubuntu huandika kwenye saa ya mashine muda wa UTC, ule wa kimataifa, Windows nayo inausoma kama muda wa hapa kwetu, na sisi tuko saa tatu mbele.

Kijana akarudi chuoni. Jioni ya tarehe 17, Drive C ikawa nyekundu, imejaa. Nikafungua sehemu ya kusimamia diski, nikaona kipande cha GB 60 kisicho hata na herufi. Nikakifuta. Windows haikulalamika, nikazima, nikalala.

Fundi wa kwanza yuko karibu na ofisi, na simtaji. Hakuniuliza chochote. Alichukua laptop akaingia nayo nyuma ya pazia, nikaenda kununua vocha, nikarudi. "Mama, diski imekufa." Sh. 160,000, diski mpya pamoja na kupiga Windows. Na kazi zangu? "Hizo sahau." Aliligeuza lile laptop nione, na kweli, safari hii hata lile neno grub> halikuwapo. Iliandika kwamba haioni kifaa cha kuwashia. Nilimlipa sh. 5,000 ya kuangalia, nikaondoka na mashine yangu iliyo mgonjwa zaidi ya ilivyoingia. (Mama! Tunalingana umri yule.)

Mwenzangu wa ofisini ndiye aliyenielekeza Kariakoo. Nilishuka mwendokasi Gerezani, nikatembea, nikapanda ngazi nyembamba iliyobanwa na maduka ya vitenge mpaka juu. Hakuna kibao. Kuna meza, taa ya kuvuta, kile kipuliza hewa ya moto, na trei ya barafu ambayo kila kishimo chake kina skrubu za mteja mmoja na karatasi yenye jina lake. Hiyo trei ndiyo iliyonifanya nikae. Nilikaa juu ya ndoo, kwa sababu viti hakuna.

"Mara ya mwisho kabla haijagoma, dada, uligusa nini?"

Nikaanza kuzunguka. Akanyamaza akinitazama mpaka nikafika kwenye kile kipande cha GB 60. Akauliza nani mwingine ameifungua, na kama nina nakala ya kazi zangu mahali pengine. Halafu akafanya jambo ambalo sijaona fundi akilifanya: akaigeuza laptop tukae upande mmoja, nione kila anachobonyeza.

Kwanza akaingia bayosi, ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe kabla ya Windows. "Huyu kaweka Legacy," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuta chumvi kwenye sukari. Alinieleza hivi: Windows yangu iliwekwa kwa utaratibu mpya wa kuwasha, unaoitwa UEFI. Ukibadilisha ukaweka ule wa zamani, mashine inakwenda kutafuta kiwashio mahali ambapo hakipo, inarudi kusema hakuna kitu. Kisha akanionyesha kwa kidole, kwenye ukurasa uleule, jina la diski yangu na ukubwa wake. "Diski iliyokufa kabisa haijitambulishi." Akarudisha UEFI, akarudisha Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha) aliyoikuta imezimwa, akahifadhi, akawasha.

Likarudi grub> langu. Sikuwahi kufikiri nitafurahi kuliona.

Akaandika herufi nne, exit, akabonyeza Enter. Skrini ikazima kidogo, na nembo ya Windows ikaanza kuzunguka. Laki na sitini, jamani, na dawa ni neno moja! Yeye mwenyewe akanionya nisilifanye uganga: kwenye mashine nyingine exit hukurudisha kwenye orodha ya kuchagua, na hapo unachagua mwenyewe Windows Boot Manager. Maana yake ni ileile, kwamba kiwashio cha Windows hakikuwa kimeguswa.

Kwa nini basi iligoma? Nilivyoelewa kwake, kile kinachouliza "unaingia wapi", jina lake GRUB, hakikai chote na Ubuntu. Kipande chake kinakaa kwenye chumba kidogo cha diski, changu kina MB 100, pamoja na kiwashio cha Windows. Nilipofuta zile GB 60 nilifuta Ubuntu na orodha yake, lakini chumba kile sikukigusa. "Umebomoa nyumba, mlinzi umemwacha getini. Kila anayekuja anamkuta yeye, na yeye hana wa kumuuliza."

Furaha yangu ilidumu sekunde kumi. Ukaja ukurasa wa bluu unaotaka tarakimu 48 za BitLocker, kufuli la Windows la diski. Sikujua hata kama laptop yangu imefungwa kwa BitLocker. Fundi hakushtuka. Diski imesimbwa, akasema, na mtu akichezea mipangilio ya kuwasha, kama yule bwana alivyofanya, Windows inashuku imeibiwa na inadai ufunguo. Na hapa ndipo nilipotoka jasho, maana aliongeza kuwa bila ufunguo huo, hata diski ingetolewa na kuchomekwa kwenye mashine nyingine, mafaili yasingesomeka.

"Siku ya kwanza uliiwasha kwa barua pepe ipi?"

Ninazo mbili. Ya kwanza haikuwa na kitu. Ya pili ni ya zamani, nimesahau nywila, ila laini ya simu iliyosajiliwa bado ninayo. Nikapokea namba ya uthibitisho, nikaingia kwenye akaunti ya Microsoft kupitia simu, na ufunguo ulikuwapo, na jina la laptop yangu juu yake. Mafungu manane ya tarakimu sita. Mimi nasoma, yeye anaandika. Fungu la tano nikageuza tarakimu mbili, mimi mhasibu, likakataliwa palepale. Nikasoma upya taratibu kama namtajia mtu namba ya akaunti ya benki. Ikafunguka. Vitabu vyote vinne viko pale.

Wengi wangeishia hapo wakadai hela. Yeye alisema ukizima na kuwasha utamkuta mlinzi wako tena. Akafungua lile dirisha jeusi la amri kwa haki za msimamizi, akaandika mountvol S: /S, kile chumba kidogo kikapata herufi. Ndani ya folda ya EFI mlikuwa na majina matatu: Boot, Microsoft na ubuntu. "Hizi mbili ukizigusa tunaanza moja." Akafuta la tatu. Tukazima na kuwasha mara mbili, zote ikaingia Windows moja kwa moja. Ndipo akaniunganishia zile GB 60 na Drive C, na kunisimamia nikihamisha vitabu kwenye diski ya nje kabla sijanyanyuka kwenye ndoo.

Nilimuuliza kama nimgombeze kijana. Akasema kijana hakukosea sana, ila angenakili kwanza ufunguo wa BitLocker na kuzima ile Fast Startup ya Windows, ambayo hukuonyesha mashine imezimika kumbe nusu imelala. Akanisimulia na habari ya Agosti 2024, sasisho la Windows lilipozuia matoleo ya zamani ya GRUB, watu wakakuta Linux haiwaki na skrini inaandika kosa la SBAT, yaani sera hiyo ya kuzuia. Kwa hao alizima Secure Boot, akaingia Linux, akafuta sera hiyo, akairudisha Secure Boot. Mimi nilikuwa nishaanza kuangalia saa.

Kazi ya saa moja na robo, sh. 30,000. Ritani niliipeleka tarehe 19 usiku.

Sasa nyota ya tano. Si ndoo, ndoo nimeisamehe, ingawa mwenye mgongo mbovu aende na mto wake. Nilipolipa niliomba risiti. Mimi naandalia watu ritani, siwezi kutoka dukani mkono mtupu halafu kesho nimkaripie mteja. Akachana karatasi ya daftari, akaandika kwa mkono mzuri: marekebisho ya laptop, 30,000, akaweka sahihi. Nikamwambia hiyo si risiti, naulizia ya EFD, ile ya mashine ya kodi.

Akakuna kichwa. Mashine ya risiti, alisema, iko kwa fundi.