Lumbesa au mizani?

Mkulima wa viazi mviringo akishavuna, ana njia mbili za kuuza: kwa gunia au kwa kilo.

Kwa gunia, mnunuzi huja shambani na magunia yake. Gunia likijaa, bado: viazi hupangwa juu ya mdomo, hufunikwa kwa wavu na kushonwa kwa kamba mpaka litokeze kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei ni ya gunia moja, kichwa ni bure. Ushuru wa halmashauri ukitozwa kwa gunia, hapo napo mnunuzi kapata nafuu. Anayeinama chini ya uzito wote huo ni mbeba mizigo. Sheria inakataza: Tanzania kikomo cha gunia ni kilo 100, Kenya kanuni za 2019 zinataka lisizidi kilo 50.

Kwa mizani, kilo ni kilo. Shida ni kwamba mnunuzi mwenye lori akigoma kupakia kwa kilo, viazi havisubiri, na jirani keshakubali lumbesa. Huyo jirani simlaumu hata kidogo. Namlaumu mwenye lori: akifika mjini, gunia lilelile hulifungua na kulipima upya kwa ndoo, bila kuongeza hata kiazi kimoja.