Miwani ya kuogelea kwa maji ya Kivu: ya kununua na ya kuacha mezani

Kabla hujatoa pesa, fanya jambo moja palepale mezani pa muuzaji. Acha mkanda uning'inie, bandika miwani machoni, isukume kidogo kwa vidole, kisha achia. Ikikaa usoni peke yake sekunde mbili tatu, inakufaa. Ikidondoka, irudishe, hata kama muuzaji anakuapia: "Mukubwa, hii ni orijino ya Bulaya!"

Mkanda hauzuii maji. Kinachozuia maji ni ule mpira wa kando unaolala juu ya mifupa ya jicho, na mifupa yako si ya jirani yako. Mimi nilijifunza hili kwa aibu. Nilinunua Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, miwani yenye kioo cha bluu kinachong'aa kama mgongo wa nzi, nikashuka nayo ziwani mtaa wa Himbi Jumapili asubuhi, na kabla sijapiga mikono mitano jicho la kulia lilikuwa limejaa maji. Nikakaza mkanda. Yakaingia tena. Nikakaza zaidi. Nilirudi nyumbani na duara mbili nyeusi kuzunguka macho, mama mdogo akauliza ni nani amenipiga.

Orodha hii naipangia mtu wa Goma anayeogelea ziwani, si bingwa wa mashindano. Ziwa letu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya jua ile inayoandikwa UV kwenye kasha huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Upepo wa ziwa unakudanganya kwamba kuna ubaridi, kumbe macho yanaungua. Halafu kuna vumbi letu jeusi la mawe ya volkano, ambalo ni msasa mtupu. Na maji safi ya kusuuzia, wengi wetu tunayabeba kwa bidoni. Miwani inayosifiwa na watu wa mabwawa ya ndani inaweza isimalize miezi miwili hapa.

Nafasi ya kwanza naipa miwani ya maji ya wazi, ile yenye vikombe vikubwa kiasi na kioo kipana kinachokuonyesha hata pembeni. Ziwani hakuna mstari mweusi chini wa kukuongoza. Unainua kichwa kutafuta mti au nyumba ufukweni, na unahitaji kuona mtumbwi unaokuja upande wa kushoto kabla haujafika. Mpira wake uwe wa silikoni: ukunje kwa vidole, utarudi ulivyokuwa bila kubaki na mkunjo. Ukiwa mgumu na unanuka plastiki kama sandali mpya, hiyo ni PVC, itakakamaa mapema. Jina la kampuni kubwa kama Speedo au Arena lililochapwa kwenye mkanda lisikutie haraka, kwa sababu kuchapa jina ni kazi rahisi. Amini vidole vyako.

Kwenye rangi ya kioo ndipo watu wanapopotea zaidi. Giza la kioo na kinga ya UV ni vitu viwili tofauti. Kioo cheupe kabisa kinaweza kuzuia UV yote, na kioo cheusi kisicho na kinga kinaweza kuwa kibaya kuliko kutovaa kitu, maana mboni hupanuka gizani na kuruhusu mionzi mingi zaidi iingie. Tafuta maandishi ya UV 400 au UV asilimia 100. Baada ya hapo ndipo uchague rangi: cha moshi au kinachorudisha mwanga kama kioo cha kujitazamia kwa anayeogelea saa nne hadi saa tisa mchana, cheupe au cha njano kwa anayeshuka alfajiri au siku za mawingu. Ipo pia inayopunguza mng'ao unaoruka juu ya maji, nayo ni nzuri, lakini bei hupanda na sioni kama mtu wa kuogelea mita 200 sambamba na ufuko anaihitaji. Kwa aina hii ya kwanza andaa dola 15 hadi 25. Najua si kidogo.

Ya pili ni miwani ya kawaida ya mazoezi, kioo cheupe, silikoni, vikombe vya wastani. Kama unaogelea kwenye bwawa la hoteli, au ndiyo kwanza unajifunza, anza na hii na hutajuta. Chagua yenye vidaraja vya pua vya kubadilisha, vile vitatu vinavyokuja kwenye kasha, kimoja kifupi, kimoja cha kati na kimoja kirefu. Pua ndiyo inayoharibu miwani nyingi: kidaraja kikiwa kirefu kwako, maji huingia upande wa ndani hata ukaze mkanda mpaka kichwa kiume. Hasa kama unamwagiza ndugu anayetoka Kampala au Nairobi na hutapata nafasi ya kujaribu, usikubali miwani ya daraja moja lisilobadilika.

Wasioona mbali wasikate tamaa. Miwani ya kuogelea yenye namba hutengenezwa tayari, kwa kawaida kuanzia kasoro 1.5 au 2 hadi 8, kwa hatua za nusu. Namba yako ikiangukia katikati, chukua iliyo ndogo. Lakini lenzi za kuvaa ndani ya jicho usiingie nazo ziwani, hata chini ya miwani. Maji ya ziwa yana vijidudu vinavyojibanza kati ya lenzi na jicho, na ugonjwa wake huweza kupofusha.

Ya tatu ni ile ya Kiswidi, vijikombe viwili vya plastiki ngumu visivyo na mpira wowote, unavyoviunganisha mwenyewe kwa uzi puani. Waogeleaji wa mashindano wanaipenda. Ni rahisi, ni imara, haina mpira wa kuoza. Ila inakaa moja kwa moja kwenye mfupa, na wiki ya kwanza utaitukana. Mtoto usimvishe.

Ya nne ni barakoa ya kuzamia inayofunika na pua. Naiweka chini kwa sababu kuogelea nayo umbali ni mateso, lakini kwa kuzama kutazama mawe na samaki ndiyo pekee ninayoishauri. Sababu ni hii: ukishuka chini, maji hukandamiza hewa iliyo mbele ya macho. Kwenye barakoa unapuliza kidogo kwa pua, mambo yanasawazika. Kwenye miwani ya kawaida huna njia, na ukivuka mita mbili tatu itaanza kunyonya macho mpaka vimishipa vipasuke na weupe wa jicho kuwa mwekundu.

Ya mwisho, na afadhali pesa hiyo ununue sambaza, vile visamaki vya Kivu, ni zile za rangi kali ndani ya plastiki pamoja na vizibo vya masikio, zinazouzwa kama vitu vya watoto. Watoto ndio wasiostahili kuvishwa hizo: mpira ni mgumu na mkanda hukatika. Na miwani yoyote utakayompa mtoto, mfundishe kwanza abandike machoni ndipo avute mkanda nyuma, na akivua aanzie mkanda wa nyuma. Akivuta vikombe mbele kisha vikamponyoka, vinarudi jichoni kama jiwe la manati. Mkanda wenyewe ukae juu ya masikio, nyuma ya kichwa palipo pana. Mwenye misuko autenganishe mara mbili, mmoja juu ya mafundo, mwingine chini.

Miwani hailindi ngozi, kwa hiyo isikufanye usahau kichocho. Viluwiluwi vyake hupenya ngozi popote mwilini, basi epuka kona za maji yaliyotulia zenye majani na konokono. Na ukichagua pa kukaa na watoto, usiwaweke kwenye mabonde mabonde ya mawe kando ya ziwa, maana mazuku, ile hewa nzito ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na inayoweza kuua, hukaa chini huko bila harufu.

Sasa utunzaji, maana hapa miwani hufia nyumbani. Ndani ya kioo kuna tabaka jembamba la kuzuia ukungu. Usiliguse. Si kwa kidole, si kwa taulo, si kwa kona ya fulana. Kioo chenyewe ni plastiki, polikaboneti, na chembe moja ya vumbi letu chini ya kidole inachora mstari ambao hautafutika. Ukitoka majini chovya miwani ndani ya kopo la maji safi uliyokuja nayo, kung'uta, basi. Usiache maji ya Kivu yakaukie hapo. Yana madini mengi, na huacha utando mweupe. Ianike kivulini, si juu ya jiwe jeusi la lava ambalo saa saba linaweza kukaangia yai. Ikikauka, iingie kwenye kasha lake gumu au hata soksi safi. Isikae chini ya mfuko pamoja na funguo.

Tabaka lile likiisha na ukungu ukianza kuja, mate yanafanya kazi, usicheke: pakaza ndani kwa ulimi, suuza mara moja, vaa. Tone la shampuu ya mtoto kwenye maji pia linasaidia. Dawa ya meno usithubutu, inakwangua. Na mafuta ya kujipaka usoni yasubiri hadi utoke majini, kwa sababu mpira huteleza juu yake.

Mpira ukianza kunata, kupasuka au kuacha weusi usoni, miwani imekwisha. Itupe, lakini mkanda uubakize: kwangu upo mmoja unaofunga kifuniko cha bidoni mwaka wa pili sasa.