Fundi asiyepokea kianzio: meza yangu ya chakula kutoka Keko

Mtu yeyote aliyewahi kuagiza samani Dar es Salaam anaijua habari ya kianzio: unalipa nusu ya bei, fundi anakuonesha mbao mbili zilizoegeshwa ukutani, kisha simu yake inaanza kutopatikana. Fundi aliyenitengenezea meza ya chakula na viti sita hapa Keko alifungwa kwa sababu hiyohiyo. Huyasema mwenyewe kwa kila mteja kabla ya kufungua daftari la oda: alipokea fedha za vitanda kutoka kwa watu kadhaa, akazitumia kwa mambo yake, na mahakama ikamtia hatiani kwa kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Alihukumiwa miaka mitano, na kwa msamaha wa theluthi moja ya kifungo unaotolewa chini ya Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 alitoka baada ya miaka mitatu na miezi minne. Nilisubiri aongeze kwamba alionewa, au kwamba hali ya maisha ilimsukuma. Hakuongeza.

Jina lake sitaliandika, kwa kuwa habari za kifungo chake ni zake kuzisema. Karakana haina kibao. Nilipopotea njia niliuliza alipo fundi asiyechukua kianzio, nikapelekwa moja kwa moja.

Utaratibu wake ni huu. Anakuandikia orodha ya mbao pamoja na vipimo, mnakwenda wote kwa muuza mbao, unalipa wewe, na risiti inabaki mkononi mwako, ilhali ufundi hulipwa siku samani zinapoingia nyumbani. Nililipa shilingi 620,000 kwa mbao za mninga, gundi na vanishi, kisha 480,000 za ufundi. Utaratibu huo unampotezea mteja siku nzima, nami nililalamika waziwazi tukiwa bado juani tunachagua mbao. Alinijibu bila kuacha kukagua nyufa: "Dada, fedha ya mtu ikilala mfukoni mwangu kabla sijaifanyia kazi, sijiamini nayo."

Kazi yenyewe ni nzuri kuliko bei yake. Niliipindua meza ilipofika, kwa sababu uzembe wa seremala hujificha chini, na sikukuta kichwa hata kimoja cha msumari: kila mguu umechongwa ulimi ulioingia kwenye tundu lake, ukashikwa kwa gundi na kijiti cha mbao, na msasa umepita hadi mahali ambapo hakuna mgeni atakayepaona. Anasema kabla ya kufungwa alikuwa fundi wa misumari tu, na kwamba viungo hivyo alifundishwa katika karakana ya useremala ya Gereza la Ukonga.

Kasoro zipo. Aliahidi wiki tatu, zikawa tano, na pembe moja ya meza ina michirizi ya vanishi. Kubwa zaidi ni kwamba oda yangu ilikuwa ya Aprili, masika yamepamba moto, na ilipofika Agosti viti viwili vilikuwa vinacheza. Nilimpigia simu nikiwa nimejiandaa kwa mabishano. Alifika jioni ileile, akakigeuza kiti, akausukuma ulimi kwa kidole gumba mpaka ukatikisika ndani ya tundu, akanyamaza kidogo. "Mbao zilikuwa bado na maji, nami nilijua. Wewe uliniharakisha, lakini mwenye kazi ni mimi." Aliviondoa kwa guta kwa gharama yake na kuvirudisha baada ya siku nne, tangu hapo havijatikisika.

Nilipokuwa natafuta ukurasa wangu kwenye daftari lake niliona ukurasa wa kwanza, wenye majina ya wateja wa zamani na kiasi alichowadhulumu kila mmoja. Mengi yamepigwa mstari. Matatu bado, na pembeni yake kuna malipo ya 20,000 au 30,000 yaliyoandikwa kwa tarehe.

Jambo moja sikubaliani naye. Hadithi ya kifungo huisimulia hata kwa mnunuzi wa kigoda, tena mbele ya kijana anayemfundisha kazi, ambaye naye ametoka gerezani na aliyekosa ajira ya udereva alipodaiwa cheti cha polisi cha alama za vidole. Kijana huinamisha macho kwenye randa yake hadi maneno yaishe. Mama mkwe wangu, niliyekwenda naye siku ya kwanza, alinivuta mkono tuondoke. Nilimwambia fundi kwamba adhabu aliyoimaliza hadaiwi tena na mnunuzi wa kigoda. Akasema wale aliowadhulumu hawakupata nafasi ya kuonywa.

Mwenye haraka asiende kwake. Wiki iliyopita nimepeleka oda ya kitanda, na mbao zangu zimepangwa karakanani juu ya vijiti ili hewa ipite, kila ubao umeandikwa jina langu kwa penseli. Nilimwomba aanze mwezi huu. Amekataa kuzigusa kabla ya miezi miwili.