Baada ya kung'arisha meno: uzoefu wangu na vitu vilivyonifaa

Kazi ya kung'arisha meno kwa daktari niliipenda, ila tathmini hii haihusu sana ule muda niliokaa kwenye kiti. Inahusu siku zilizofuata, maana hapo ndipo weupe unapodumu au kupotea, na hapo ndipo wengi wanapoachwa wahangaike peke yao. Mimi sikuachwa. Nilipewa maelekezo, dawa ya meno ya kutuliza ganzi (yaani ile hali ya meno kushtuka na kuchoma), mswaki laini, na trei ya kuvaa juu ya meno iliyotengenezwa kwa umbo la meno yangu pamoja na jeli ya kutumia nyumbani. Sio vyote vilivyonisaidia sawa.

Nianze na ganzi, kwa sababu ndiyo iliyonisumbua kuliko kitu kingine. Jeli za kung'arishia hutumia haidrojeni peroksaidi, au kabamaidi peroksaidi ambayo ikifika mdomoni huvunjika na kutoa hiyo hiyo haidrojeni peroksaidi. Kabamaidi ya asilimia 10, ambayo hutumika sana kwenye trei za nyumbani, hutoa takribani asilimia 3.5 tu ya peroksaidi, ilhali jeli za kliniki zinaweza kufika asilimia 35 na zaidi. Dawa hiyo haibaki juu ya jino. Inapenya enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, inaingia kwenye dentini, tabaka lililo chini yake, na huko ndiko inakozivunja chembe zenye rangi. Ikishafika humo haiko mbali na neva, na neva ikichokozwa jino hushtuka hata lisipoguswa na chochote. Usiku wa kwanza nilikuwa nikivuta hewa kwa mdomo nasikia mchomo kwenye meno ya mbele, mkali na wa ghafla, kisha unapotea. Kilichonituliza moyo ni kwamba daktari alikuwa ameshaniambia itakuja na kwa kawaida itaisha yenyewe ndani ya siku chache. Daktari anayenyamaza kuhusu jambo hili anamkosea mgonjwa wake.

Ile dawa ya meno ndiyo naipa alama za juu kabisa. Ina potasiamu nitrati asilimia 5 pamoja na floridi, madini yanayoimarisha meno. Potasiamu huituliza neva isipokee kila kichocheo, lakini haifanyi kazi papo hapo. Inahitaji kutumiwa kila siku hadi athari yake ijengeke. Ndiyo maana niliagizwa kuianza wiki mbili kabla ya kung'arisha, nisisubiri maumivu yaje kwanza. Anayeinunua siku meno yanapouma atasema haifai kitu, na ataionea.

Kuna namna mbili za kuitumia nilizofundishwa, na zote mbili nazisifu. Ya kwanza: ukimaliza kupiga mswaki, tema povu tu, usisukutue kwa maji. Ukisukutua unaiondoa floridi kabla haijafanya kazi yake. Ya pili ndiyo iliyonirudishia usingizi: kuipaka dawa hiyo hiyo ndani ya trei, badala ya jeli, na kuivaa kwa dakika 10 hadi 30. Inakaa mahali inapohitajika bila kuoshwa na mate. Natamani kila anayepewa trei aambiwe hili, kwa sababu hahitaji kununua kitu kingine.

Kuhusu rangi, jiandae kwa jambo moja ili usivunjike moyo. Wakati wa kung'arishwa meno hukauka, na jino lililokauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Kwa hiyo ule weupe unaouona kwenye kioo cha kliniki sio wa kudumu. Meno yakishanyonya tena unyevu weupe hupungua kidogo, na rangi ya kweli huijua baada ya wiki mbili hivi. Yangu yalipungua, lakini yalibaki meupe waziwazi kuliko zamani, nami nimeridhika kabisa. Jino langu moja la mbele lenye kijazio halikubadilika pale penye kijazio, kwani peroksaidi haing'arishi vijazio wala kofia za meno. Nilishauriwa nisubiri hizo wiki mbili kabla ya kukibadilisha. Sio kwa ajili ya kulinganisha rangi tu: mabaki ya oksijeni kwenye enameli hudhoofisha ushikaji wa kijazio kipya.

Masharti ya chakula yalikuwa ya kawaida: kwa siku mbili za mwanzo niache chai, kahawa, mvinyo mwekundu, bizari na chochote kinachoweza kuacha doa kwenye nguo nyeupe. Niliyafuata, ingawa baadhi ya tafiti hazikuona tofauti kubwa kati ya wanaojizuia na wasiojizuia. Siku mbili si mateso. Kwa maoni yangu jambo zito zaidi ni vitu vichachu, kama soda, maji ya ndimu na siki, kwa sababu tindikali hulainisha uso wa enameli na kuichochea ganzi upya. Ukishavinywa, suuza kinywa kwa maji na usubiri angalau nusu saa kabla ya mswaki. Na tumbaku, ukiivuta, itakurudisha ulikotoka hata ukifuata yote niliyoandika.

Sasa vitu ambavyo sivipendekezi. Dawa za meno za mkaa zinauzwa kwa maneno matamu, lakini hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba zinaling'arisha jino kwa ndani. Zinakwaruza madoa ya juu, na zile zenye chembe kali hukwaruza na enameli pamoja nayo. Enameli ikilika hairudi, na chini yake kuna dentini ambayo yenyewe ni ya manjano. Kwa hiyo anayesugua kwa nguvu akitafuta weupe anaelekea kwenye umanjano. Jambo hili linaniuma nikiona vijana wakihimizana kulifanya.

Lingine ambalo wengi hawalijui ni dawa ya kusukutua yenye klorheksidini. Ni dawa nzuri kwa fizi zenye ugonjwa, lakini ikitumiwa kwa muda mrefu huacha madoa ya kahawia kwenye meno. Soma chupa. Kama umeandikiwa kwa ajili ya fizi, itumie kama ulivyoagizwa, ila usiifanye kuwa ya kila siku kwa kupenda harufu nzuri tu.

Trei na jeli ya nyumbani navipa alama nzuri, kwa tahadhari. Trei ioshwe kwa maji baridi, kwani ya moto huipinda. Jeli iwekwe tone dogo. Ikifurika hugusa ufizi na kuubabua ukawa mweupe, hali ambayo kwa kawaida hupona haraka lakini inauma. Weupe wenyewe hudumu miezi kadhaa, kwa wengine hata miaka, kutegemea unachokunywa na unavyosafisha meno, hivyo hakuna haja ya kurudia kila wiki. Watu huliona hili kama jambo la urembo tu, lakini Umoja wa Ulaya unaruhusu bidhaa zenye peroksaidi hadi asilimia 0.1 tu kuuzwa huru. Zaidi ya hapo hadi asilimia 6 lazima zianzie kwa daktari wa meno, na hazitolewi kwa walio chini ya miaka 18. Naona ni busara. Mwenye jino lililotoboka au fizi zinazotoka damu atibiwe kwanza, na mjamzito asubiri.

Upungufu wa huduma niliyopata ni mmoja: maelekezo yote yalikuwa ya mdomo. Baada ya kukaa na mdomo wazi muda wote ule, mtu hakumbuki nusu ya alichoambiwa. Omba uandikiwe, na uliza pia namba ya simu utakayopiga endapo ganzi itazidi. Ikiwa maumivu yamejikusanya kwenye jino moja tu, au yamevuka wiki mbili, usiendelee kuyatuliza kwa dawa ya meno. Rudi likaguliwe, kwani huenda jino hilo lina ufa au tundu ambalo kung'arisha kumelifichua.